Mtoto Asiyeitwa Uwanjani

Katika shule nyingi za msingi ninazozifahamu hapa mashariki mwa Uganda, mtoto mwenye ulemavu hupewa kazi yake maalumu kipindi cha michezo kinapofika: hukaa chini ya mwembe akalinda mabegi, viatu na masweta ya wenzake. Mwalimu anayempa kazi hiyo hana ubaya naye. Mara nyingi humpa kwa upole, akiamini kwamba anamkinga na jua, vumbi na vicheko. Lakini mtoto aliyekaa pale tangu darasa la kwanza hadi la saba huondoka shuleni akiwa amejifunza jambo moja vizuri kuliko hesabu na Kiingereza, nalo ni kwamba uwanja una wenyewe, na yeye si mmoja wao.

Nami nilikaa hapo. Nilikulia katika kambi ya polisi mjini Tororo, ambako Kiswahili ndicho kilichotuunganisha watoto wa Waiteso, Wajapadhola, Walugbara na Waacholi, na polio ilinishika mguu wa kushoto nikiwa bado mdogo sana, katika miaka ambayo misukosuko ya nchi ilikuwa imevuruga huduma za chanjo. Wenzangu walicheza mpira wa majani makavu ya migomba nyuma ya nyumba za kambi, nami nikawa hodari wa kuhesabu magoli. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Jinja, natembea kwa gongo, na Jumamosi jioni nacheza mpira wa wavu wa kukaa pamoja na watu wazima na watoto wachache. Umbali kati ya kivuli cha mwembe na mstari wa uwanja ni hatua chache tu, na ninataka kuzungumzia sababu zinazofanya wengi wasiuvuke maisha yao yote.

Waganda tunajua kuwashangilia waliouvuka na kufika mbali, na tuna haki ya kufanya hivyo. David Emong alipopata medali ya fedha katika mbio za mita 1500 huko Rio de Janeiro mwaka 2016, katika kundi la T46 la wakimbiaji wenye ulemavu wa mkono, watu wengi ambao hawakuwa wamewahi kulisikia neno Paralimpiki, yaani Olimpiki ya watu wenye ulemavu, walilijua siku hiyo. Mwaka uliofuata alitwaa dhahabu katika mashindano ya ubingwa wa dunia London, na katika Michezo ya Tokyo, iliyoahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, akarudi nyumbani na medali ya shaba. Huko huko Tokyo tulikuwa na Husnah Kukundakwe, mwogeleaji aliyezaliwa bila sehemu ya chini ya mkono wa kulia, ambaye akiwa na miaka 14 alikuwa mshiriki mwenye umri mdogo kuliko wote katika michezo hiyo. Picha yake ipo ukutani mwa darasa langu, na nimewaona wasichana wakisimama mbele yake kwa muda mrefu wakati wa mapumziko.

Historia yetu ni ndefu zaidi ya hapo, na ina sura ambazo vijana wengi hawajasimuliwa. Mwaka 1976, Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi ilipofanyika kwa mara ya kwanza, katika mji wa Örnsköldsvik nchini Sweden, Uganda iliwakilishwa na Tofiri Kibuuka, mtu asiyeona, ambaye aliteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni na kuwa Mwafrika wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Baadaye alihamia upande wa Norway na kushinda medali akiwa na jezi ya nchi hiyo. Habari hii hunigusa kila ninapoikumbuka. Mtoto wa nchi ya ikweta, asiyeona, alishindana kwenye theluji, na macho yake yalibaki vile vile yalivyokuwa. Alipewa vifaa, akapewa mafunzo, akapewa kiongozi wa kumwelekeza njia, na mengine akayafanya mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndiko kwenye kiini cha jambo lenyewe. Michezo ya watu wenye ulemavu imejengwa juu ya wazo kwamba sheria za mchezo zilitungwa na watu na zinaweza kutungwa upya. Daktari Ludwig Guttmann, aliyekimbilia Uingereza kutoka Ujerumani ya Wanazi, alianza na wagonjwa waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, na mwaka 1948 akaandaa mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale kwa watu 16 walioketi kwenye viti vya magurudumu. Miaka 12 baadaye, Roma ilipokea Michezo ya kwanza ya Paralimpiki. Wagonjwa wale hawakuwa wamepona miguu, lakini mtu alikuwa amekaa chini akafikiria ni mchezo gani unaweza kuchezwa na mtu aliyeketi, na kwa sheria zipi.

Tazama mpira wa vikapu wa viti vya magurudumu. Kikapu hakishushwi, wala uwanja haupunguzwi. Kila mchezaji hupimwa na kupewa pointi kulingana na uwezo wake wa kukitawala kiwiliwili, kuanzia 1.0 kwa aliyeathirika zaidi hadi 4.5 kwa aliyeathirika kidogo kabisa, na jumla ya pointi za wachezaji watano walio uwanjani hairuhusiwi kuzidi 14. Matokeo ya hesabu hiyo ni makubwa kuliko inavyoonekana. Kocha hawezi kupanga watano wenye nguvu akawasahau wengine, kwa kuwa jumla yao itavuka kikomo. Akitaka kuwapanga wenye pointi nyingi, ni lazima awe pia na mwenye pointi chache, kama 1.0 au 1.5, amfundishe kuzuia, amfundishe kufungua njia kwa kiti chake, na amthamini. Nimeishi katika jamii ambayo mtu aliyeathirika zaidi ndiye huachwa nyuma zaidi, na sijui sheria nyingine, ya michezo au ya serikali, inayomfanya mtu huyo ahitajike kwa namna hiyo.

Mpira wa wavu wa kukaa, ambao ndio mchezo wangu, ulianzia Uholanzi katika miaka ya 1950. Uwanja wake una urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, na wavu husimama mita 1.15 kwa wanaume na mita 1.05 kwa wanawake. Sharti kuu ni kwamba unapougusa mpira, sehemu fulani ya mwili kati ya makalio na mabega iwe chini. Kwa hiyo mwenye miguu miwili mizima hafaidiki nayo, na ndiyo maana huu ni mchezo ambao mwanafunzi asiye na ulemavu anaweza kukaa chini akacheza na mwenzake mwenye ulemavu, kisha akagundua kwamba mwenzake anamzidi. Aliyezoea kujisogeza kwa mikono tangu utotoni ana mabega, ana wepesi na ana mizani ambayo mgeni hana. Mara ya kwanza nilipoketi kwenye uwanja huo nilikuwa tayari mtu mzima mwenye familia, na furaha niliyoipata nikiuwahi mpira uliokuwa unaanguka mbali na mimi sijawahi kuweza kuieleza vizuri kwa mtu ambaye amekuwa akicheza maisha yake yote.

Michezo mingine nayo imetungwa kwa akili hiyo hiyo. Katika mpira wa miguu wa watu waliokatwa viungo, wachezaji saba wa kila timu huingia uwanjani, wa ndani wakikimbia kwa magongo na kupiga mpira kwa mguu mmoja, huku mlinda mlango akiwa na mkono mmoja; gongo likitumiwa makusudi kuucheza mpira, ni kosa. Wakimbiaji wasioona kabisa huvaa vifuniko vya macho ili wote wawe sawa, na hukimbia wakiwa wameshikana kamba fupi na kiongozi anayeona. Upo pia mpira wa kengele, uliobuniwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya askari waliopofuka, ambapo watatu kwa watatu hurusha mpira ukibingirika sakafuni na watazamaji hulazimika kunyamaza ili kengele isikike. Viziwi, ambao hawamo katika Paralimpiki, wana michezo yao ya kimataifa tangu ile ya Paris ya mwaka 1924, na wanachohitaji zaidi kwa mwamuzi ni bendera badala ya filimbi.

Ukiyaangalia yote hayo kwa jicho la mwalimu wa shule ya kijijini, utaona kwamba sehemu kubwa haihitaji fedha nyingi. Wavu wa kukaa unaweza kuwa kamba ya katani iliyofungwa kati ya miti miwili. Mpira uliofungwa ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, hupiga kelele unapobingirika, na mtoto asiyeona anaweza kuufuata. Kamba ya kiongozi wa mbio inaweza kuwa kipande cha shuka kuukuu. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyemwonyesha mwalimu mambo haya angalau mara moja. Katika vyuo vya ualimu elimu ya viungo hufundishwa kwa haraka, na mwalimu hutoka akijua kupima uwanja wa riadha bila kujua afanye nini na mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliye katika mstari wake. Chuo Kikuu cha Kyambogo kina jina katika elimu ya mahitaji maalumu, na uwanja wake umekuwa nyumbani kwa michezo mingi ya watu wenye ulemavu. Ningependa maarifa yaliyoko pale yafike kwa kila mwalimu wa darasa la kawaida, kwa sababu huko ndiko watoto wengi wenye ulemavu waliko.

Kuna vifaa, hata hivyo, ambavyo kamba na kavera haviwezi kuchukua nafasi yake, na cha kwanza ni kiti cha magurudumu cha michezo. Kiti cha hospitali ni kizito, magurudumu yake yamesimama wima, na mchezaji akigeuka kwa kasi hupinduka. Kiti cha mchezo kina magurudumu yaliyoinama, chini yakiwa mapana na juu yakikaribiana, ili kisimame imara na kugeuka papo hapo. Hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na bei yake iko mbali na uwezo wa familia ya kawaida. Timu nyingi hutumia viti vya msaada vilivyotengenezwa kwa miili ya watu wengine. Tairi linapotoboka au beringi inapokufa, mchezaji hungoja. Na kuna jambo ambalo wafadhili husahau: aliyevunjika uti wa mgongo mara nyingi hahisi maumivu anapokalia kiti kigumu kwa muda mrefu, hivyo bila mto mzuri anaweza kupata kidonda cha kumlaza kitandani kwa miezi. Mto ule ni sehemu ya kiti, kama magurudumu yalivyo.

Kisha kuna barabara, na hapa nitasema wazi kwa sababu jambo hili linanikera. Mtu anaweza kuwa na kiti, timu na kocha, na bado asifike mazoezini. Taksi za abiria 14 hazina mahali pa kuweka kiti cha magurudumu, na kondakta akikubali kusimama hutaka nauli ya watu wawili, wakati mwingine watatu, kwa hoja kwamba kiti kimechukua nafasi ya abiria. Bodaboda humbeba mtu na magongo yake, lakini haiwezi kubeba mtu na kiti. Mashindano mengi makubwa hufanyika Kampala, kule Lugogo, Kyambogo au Namboole, nasi wa Jinja tulio umbali wa kilomita 80 tunajihesabu kuwa majirani. Mwenzetu wa Arua au Kisoro hufanya hesabu nyingine kabisa. Nimeshuhudia mchezaji mwenye kipaji kikubwa akiacha mchezo bila kuumia na bila kukata tamaa, ila nauli ya kila wiki ilikuwa imeanza kula fedha za chakula cha watoto wake. Kaskazini mwa nchi, ambako vita vya miaka mingi na mabomu ya ardhini viliwaacha watu wengi bila viungo, umbali kati ya makazi na uwanja wowote wenye sakafu laini ni mkubwa zaidi, na siku hizi ajali za bodaboda zinaongeza idadi ya vijana wanaokatwa miguu kila mahali.

Sheria tunazo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 1995 kinasema kwamba watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa utu wao, na kinaitaka serikali na jamii kuchukua hatua zinazofaa ili wafikie uwezo wao kamili wa akili na mwili. Mwaka 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 30 kinataja waziwazi kwamba watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo ile ya shuleni. Ipo pia Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2020, na bungeni tuna wabunge watano wanaotuwakilisha. Sensa ya 2014 ilionyesha kuwa watu 12.4 katika kila 100, kuanzia umri wa miaka miwili, walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Ukichukua shule yenye wanafunzi mia nane, hata kama kiwango miongoni mwa watoto ni kidogo kuliko hicho, bado utapata timu kamili na wachezaji wa akiba. Naamini fungu la michezo la wilaya linapogawanywa, shule ingeulizwa ina wanafunzi wangapi wenye ulemavu na wangapi kati yao walicheza muhula uliopita. Swali la pili ndilo ambalo sijawahi kusikia likiulizwa.

Nyumbani nako kuna woga, na woga huo unastahili heshima. Mzazi aliyehangaika na mtoto tangu kliniki hadi karakana ya viungo bandia hawezi kulaumiwa akikataa kumwona akitambaa kwenye vumbi mbele ya watu wanaonong'ona "hujafa hujaumbika." Mama mmoja alikuja shuleni kwetu kumwondoa binti yake kwenye mchezo, akiwa amevalia gomesi yake nadhifu kama anayekwenda kanisani.

"Mwalimu, huyu akianguka nitamwambia nini baba yake?"

"Mama, tayari ameketi chini. Na akiumia kidole, mwambie Mzee kwamba ameumia akicheza, kama wanavyoumia kaka zake."

Alinitazama kwa muda. "Basi nitakaa hapa nimwone kwa macho yangu."

Alikaa. Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na sasa yeye ndiye hufunga kamba ya wavu na kuwakaripia wavulana wanaoilegeza. Kwa uzoefu wangu, mzazi mmoja wa aina hii huwavuta wazazi wengine kuliko barua yoyote ya mwalimu mkuu, kwa sababu maswali yao ni yale yale aliyokuwa nayo yeye.

Naomba pia tusiwapime watoto hawa kwa medali tu. Wapo watakaofuata njia ya Emong na Kukundakwe, na wanastahili makocha, vifaa na safari za kupimwa na kuwekwa katika makundi yao mapema. Mashindano ya kimataifa ya mpira wa vinyoya (badminton) kwa watu wenye ulemavu yanayofanyika Kampala, ambayo huvutia wachezaji kutoka mabara mengine, yameonyesha kwamba Mganda anaweza kukutana na dunia bila kupanda ndege. Lakini wengi, kama mimi, hawatakuwa mabingwa wa chochote. Watacheza jioni, watatoka jasho, watabishana na mwamuzi, watarudi nyumbani na njaa na kulala vizuri. Mtoto asiye na ulemavu huruhusiwa kucheza hata kama hana kipaji hata kidogo. Hakuna anayemwambia akae kando mpaka athibitishe kwamba ataiwakilisha nchi. Mtoto mwenye ulemavu aruhusiwe kuwa mchezaji wa kawaida, hata mbovu.

Muhula ujao shule yetu na shule mbili jirani zitakutana kwa mchezo wa wavu wa kukaa, timu zikiwa zimechanganya wanafunzi wenye ulemavu na wasio nao. Mwalimu wa shule mojawapo amekubali kujifunza ishara za msingi za lugha ya alama kwa ajili ya wachezaji wawili viziwi. Tunahitaji fundi wa baiskeli aliye tayari kutufundisha kubadilisha beringi na kuziba mipira ya viti viwili tulivyonavyo, tunahitaji mikeka au turubai la kufunika changarawe ya uwanja, na tunahitaji gari lenye mlango mpana, hata pikapu, kwa saa chache za Jumamosi. Walimu wanaotaka kuleta wanafunzi wao waje nao tu, hata kama sheria za mchezo hawazijui bado. Tutaanza saa nane mchana kwa kufundishana.